Viti vya Utepe Mwekundu

Mwanangu Sylvain ana moyo mzuri, ila siku Mungu alipokuwa akigawa subira, yeye alikuwa amepanga foleni ya wasiwasi. Tangu nilipoteleza kwenye ngazi ya nje mwezi wa pili, barafu ikanivunja nyonga, hanipigii tena simu kuniuliza nimepika nini. Ananiuliza kama nimesimama au nimekaa. Nikimwambia nimesimama, anataka kujua natafuta nini. Nikimwambia nimekaa, anataka kujua kama nimeshindwa kusimama.

Mwezi wa tano akaja na habari za chumba. Kilikuwa katika nyumba ya wazee huko Repentigny, ng'ambo ya mto, karibu na kwake, na kingekuwa wazi tarehe mosi Julai, siku ambayo nusu ya Montreal huhama na nusu nyingine huwabebea friji zao.

"Kina dirisha kubwa, Mama," alisema. "Kina kengele kando ya kitanda. Chakula unaletewa."

"Hata jela unaletewa."

"Mama, jamani."

"Na Jumapili nitakula kwa nani?"

Jumapili anaijua. Tangu waume zetu walipofariki, mimi na mdogo wangu Rolande tunakula pamoja kila Jumapili, jikoni kwake, kisha tunacheza karata na kugombana. Rolande hawezi kuja kwangu. Mapafu yake na ngazi yangu havipatani. Kwa hiyo nisipokwenda mimi, hatuonani, na tangu mwezi wa pili tulikuwa tukisikilizana pumzi kwenye simu tu. Sylvain alikuwa tayari kunipeleka kwa gari, ndiyo, lakini mtu anayepelekwa hula huku akiangalia saa ya aliyempeleka.

"Haya, tupatane," akasema mwishowe. "Jumapili ya mwisho ya Juni. Utoke hapa, ufike kwa Mama mdogo Rolande kwa miguu, peke yako, kama zamani. Mtu asikushike. Ukifika, habari ya chumba nimeiacha. Usipofika, Julai mosi nakuja na gari kukuhamisha, na hutanipigia kelele."

Nikakubali haraka, kabla akili haijanishauri vingine.

Sasa nyonga yangu ina tabia yake. Inakwenda vizuri kitambo, kisha inaanza kuwaka, na ikishawaka lazima nikae. Nikikaa kidogo inatulia, naendelea kama msichana, au tuseme kama mama wa msichana. Dawa yake ni kiti tu. Na barabara ya mbele hainifai, imechimbwa miaka sasa, imejaa koni za rangi ya chungwa ambazo naamini zinazaana usiku. Njia yangu ni ya nyuma, ya vichochoro. Ukitoka mlango wa jikoni kwangu, ukashuka, unaingia kichochoro chetu, ukivuka mtaa unaingia kingine, na kingine, hadi mlango wa jikoni wa Rolande. Vyote vimebanduliwa lami katikati na kupandwa mimea. Kuna mnanaa unaokugusa magoti, mizabibu iliyopanda nyaya, maua ya peoni yaliyolemewa na uzito wake mwenyewe. Gari hakuna. Unasikia sahani za watu na kamba za kuanikia nguo zikilia kwenye roda. Sijui njia nyingine duniani ninayoipenda kama hiyo. Kitu kimoja tu haina, nacho ni mahali pa kukaa.

Nilimweleza hayo Normand Ouimet, jirani yangu wa chini, fundi mstaafu wa kufunga kamba za nguo. Normand ameshapanda kila mlingoti wa nyuma wa mtaa huu na ameona nguo za ndani za vizazi vitatu, lakini mdomo wake ni kaburi.

"Kama tatizo ni viti," alisema, "tuweke viti."

"Viti gani?"

"Vyako. Si unavyo sita jikoni, unakalia kimoja?"

Vile viti nilivinunua na marehemu Fernand tulipooana. Miguu ya chuma inayong'aa, vikalio vya njano. Jumamosi jioni Normand alivipakia kwenye tela la baiskeli yake, akaenda navyo kichochoro hadi kichochoro, akaacha kila kimoja mahali alipokadiria nyonga yangu ingeanza kelele. Aliporudi alikuwa amejaa jasho na majivuno.

"Na nimevifunga utepe," alisema. "Ule mwekundu wa Krismasi, uliokuwa kwenye boksi lako. Kila kiti kina fundo lake kubwa kwenye mgongo."

"Wa nini?"

"Ili watu wajue vina mwenyewe, Fleurette. Mtu akiona utepe anajua hicho si cha kuokota."

Nikamwambia ana akili. Nililala nikimshukuru Mungu kwa kunipa jirani mwenye akili. Huenda ninyi mmeshaliona kosa letu. Sisi tuliozaliwa hapa, tuliozeeka hapa, hatukuliona.

Asubuhi kulikuwa na jua la upole. Nilishuka ngazi kinyumenyume, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine umebeba mkongojo. Normand alisimama chini akitetemeka kuliko mimi.

"Mikono mfukoni, Normand!"

"Iko mfukoni!"

"Naona mmoja umetoka."

"Kalisi!" alifoka, akaurudisha. Watu wa hapa tukikasirika tunataja vyombo vya altareni, ndivyo tulivyolelewa.

"Na leo Jumapili," nilimwambia nilipogusa ardhi.

"Nenda, bibi, nenda. Mwenda pole hajikwai."

"Na mwenye kusimama uani akitoa methali hafiki popote."

Alicheka, akabaki pale getini. Nilijua angebaki hapo hadi apate habari zangu.

Kichochoro chetu nilikipita kwa raha. Miezi mingi nilikuwa nakitazama kutoka juu, kupitia kioo cha jikoni, kama mtu anayetazama sherehe ya jirani. Sasa nilikuwa ndani yake. Nilisikia harufu ya udongo uliomwagiliwa. Paka wa rangi ya majivu alinifuata kidogo, akaona siendi popote kwa haraka, akaniacha. Nyonga ilipoanza kunung'unika, kiti cha kwanza kilikuwa pale pale, chini ya mzabibu wa mwisho, na fundo lake jekundu mgongoni. Nilikaa. Nilisema asante kwa sauti, kwa Normand, kwa Fernand, kwa mzabibu, kwa yeyote aliyekuwa akisikiliza.

Nikavuka mtaa, nikaingia kichochoro cha pili. Nyonga ikanung'unika, nikaangalia mbele. Ikaanza kuwaka, nikaangalia tena. Nilifika mahali ambapo kiti kilipaswa kuwa, nikakuta alama za miguu yake minne kwenye udongo laini. Kiti hakikuwepo.

Hapo na mimi nikataja vyombo vya altareni. Nilianza na kalisi, nikaenda kwenye tabenakulo, na nadhani nilimalizia na sakristia nzima.

Kurudi kulikuwa mbali sawa na kwenda. Nikaegemea uzio wa mbao, nikauma meno, nikajivuta hatua moja kwa moja huku nikiwaza kile chumba na kengele yake. Ndipo nikasikia kicheko nyuma ya uzio. Geti lilikuwa wazi. Ndani, katikati ya maboksi ambayo hayajafunguliwa, kijana mwenye ndevu amekaa akila chapati nyembamba za maji kwa sharubati. Chini yake, kikalio cha njano. Nyuma ya mgongo wake, fundo jekundu.

"Wewe!" nilisema. "Umekalia kiti changu."

Alishtuka, sharubati ikamwagikia ndevu. "Bibi, samahani, kiti chako?"

"Changu na cha marehemu mume wangu. Ondoka hapo!"

Mkewe alitoka jikoni na mtoto kiunoni. "Loïc, kuna nini?"

"Sijui, Maude. Bibi anasema kiti ni chake." Alikuwa ameshasimama, masikini, sahani mkononi. "Lakini kilikuwa nje, bibi. Kichochoroni. Mwisho wa Juni! Na kimefungwa utepe. Nilimwambia Maude, tumehamia kwa watu waungwana kweli, hata kutoa kiti wanakifunga kama zawadi."

Hapo ndipo nilipong'amua. Mwisho wa Juni. Wiki ya kuhama. Kila kisichoingia kwenye nyumba mpya hutolewa nyuma, na anayekipita akakipenda ni chake, hata hodi hapigi. Taa yangu ya sebuleni niliipata hivyo. Rafu yangu ya vitabu niliipata hivyo. Hata mkongojo niliokuwa nimeushika, Normand aliuokota nyuma ya nyumba ya mtu akaniletea. Na sisi wawili, wazee wa mtaa, tumechukua viti sita vizuri, tumevitoa nje katika wiki hiyo, na tumevipamba ili visikose wa kuvichukua.

Nilianza kucheka, na kicheko kikageuka njiani. Sioni aibu kusema nililia. Loïc alinisogezea kiti, akanyoosha mkono anisaidie kukaa.

"Usinishike!" nilipiga kelele. "Mtu asinishike!"

Aliruka nyuma. Nikakaa mwenyewe, na nyonga ilipotulia niliwaeleza yote: Rolande, Sylvain, chumba, viti, utepe. Maude alisikiliza hadi mwisho, mtoto akimvuta hereni.

"Na vilivyobaki?" aliuliza. "Vilivyo mbele?"

"Vimeshapata wenyewe, mwanangu. Vizuri vile? Havikuiona hata asubuhi."

"Bibi, acha mimi nibebe hiki nikufuate nyuma," Loïc alisema. "Ukichoka unakaa."

"Asante, baba, lakini hapana. Mwanangu alisema peke yangu. Nikifika na mbeba kiti nyuma yangu kama Papa wa Roma, atasema nimemdanganya."

Maude alikuwa ameshatoa simu. "Jirani kanitia kwenye kundi la kichochoro jana, hata jina lake sijalijua. Naandika."

"Usiandike kwamba nalia."

"Nimeandika umekasirika."

"Hapo sawa."

"Na nimeandika usishikwe. Waupeleke ujumbe na kwenye makundi ya vichochoro vya mbele."

Nilipoinuka, Loïc alitaka kunirudishia kiti. Nilitazama yale maboksi, nikaona hawakuwa na kingine cha kukalia. "Kaeni nacho," nilimwambia. "Utepe ulishasema." Maude akanitilia mfukoni mwa koti pakiti ya stroberi, nimpelekee mdogo wangu.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana nimekisimulia mara nyingi na bado sijakichoka.

Nilipoingia kichochoro kilichofuata, mwanamume mwenye pajama za mistari alikuwa akija mbio na kiti cha njano kichwani. Alikiweka mbele yangu, akarudi nyuma, mikono akaificha mgongoni kama mtoto aliyeiba biskuti.

"Nisamehe, bibi," alisema. "Mguu mmoja nimeshaupaka rangi ya buluu. Nilikuwa naanza wa pili."

"Mguu wa buluu unakaa kama mwingine," nilimwambia, nikakaa. "Ila uliamka mapema kweli kuiba."

"Bibi, kilikuwa na utepe!"

"Ndiyo, ndiyo. Nimeshasikia."

Mbele kidogo mama mmoja alivuta kamba yake ya nguo, roda ikilia, akaondoa mashuka yaliyokuwa yananing'inia njiani. Kiti changu cha sehemu ile hakikuonekana, nadhani kilishavuka mto na watu wake wapya. Badala yake palikuwa na kigoda cha piano. Baada yake, kochi la bibi mmoja ambaye alikuwa amelisukuma mwenyewe hadi getini, na alikuwa akihema kuliko mimi. Baada yake, ndoo iliyopinduliwa na kuwekewa mto uliodariziwa. Mahali pengine waliweka kiti cha mtoto mdogo. Hicho nilikishukuru kwa mbali, maana ningekikalia ningekuwa nacho hadi leo. Kila mtu alisimama mlangoni kwake, mikono mgongoni. Wazazi, watoto, mzee mmoja mwenye gazeti. Hakuna aliyenigusa. Walinitazama ninavyoinuka, na nilipoinuka waliachia pumzi.

"Nenda, Mama Gariépy!" walisema; jina langu walilijua, yao siyajui mpaka leo.

Nilikuwa nimekaa katika mtaa huu maisha yangu yote, na kwa miezi ile ya dirishani nilianza kuamini ninachoambiwa, kwamba niko peke yangu. Nilikuwa nikikosea. Nilikwenda nikikaa kila nilipowekewa, hata pale nyonga haikudai, maana ni utovu wa adabu kukataa kiti cha mtu. Nilichelewa vibaya sana. Sijawahi kuchelewa kwa furaha kama ile.

Kisha nikaingia kichochoro cha mwisho.

Hicho ndicho kirefu kuliko vyote, na nyumba hakina. Upande mmoja ni ukuta wa ghala, upande wa pili ni uzio wa shule, na Jumapili hakuna mtu. Mianzi ya bustani na nyasi ndefu, na katikati mti mmoja mkubwa wa mepo. Chini ya mti huo Normand aliniapia ameacha kiti cha sita. Na mwisho kabisa, juu ya uzio, niliona roshani ya nyuma ya Rolande, mashuka yake ya maua yakipepea.

Hapa ujumbe wa Maude haukuwa na wa kuusoma. Nilijua hilo, lakini nilijiambia kwamba penye kimya hivi hakuna aliyepita, kiti kitakuwepo. Nilitembea nikiutazama ule mti. Nyonga ikaanza. Nilifika chini ya mti nikazunguka shina lake, upande huu na upande ule, kama mtu anayemtafuta paka. Hakikuwepo.

Niliegemea gamba la mti. Kukaa chini sikuweza, maana nikikaa chini siinuki bila kushikwa, na kushikwa ndiko kushindwa. Nilijaribu kwenda, mguu ukakataa. Nikajaribu tena, ukakataa kabisa. Mashuka ya Rolande yalikuwa pale, ningeweza kuhesabu maua yake. Nilimwambia Mungu asante kwa yote ya asubuhi ile, kwa kigoda cha piano na mguu wa buluu, na kwamba kama mwisho wake ni chumba chenye kengele, basi nimeiona njia yangu mara moja zaidi. Nilimaanisha. Lakini nilikuwa nalia, na mara hii hapakuwa na wa kuandika kwamba nimekasirika.

"Mama! Usisogee!"

Alikuwa Sylvain, anatokea upande wa Rolande, anakuja mbio na tumbo lake lote, na mikononi amebeba kiti cha njano. Aliniwekea. Akarudi nyuma. Nikakaa. Nikangoja nyonga itulie, yeye akihema.

"Umekitoa wapi?" nilimuuliza.

"Hapa hapa. Chini ya mti." Aliangalia viatu vyake. "Alfajiri nilikuja kuikagua njia, nikaanzia huku. Kama kuna shimo, kama kuna vipande vya chupa. Nikakiona."

"Na wewe ukakichukua! Hata wewe!"

"Nilikigeuza kwanza, Mama."

Sikuhitaji kuuliza. Chini ya kiti kimoja kati ya vile sita kuna herufi S, Y, L, zilizochorwa kwa uma na mtoto aliyekatazwa kuondoka mezani kabla ya kumaliza maharage. Ile V alikuwa ameianza tu nilipomkamata.

"Nilijua ni chetu," alisema. "Na kina utepe, kimewekwa nje. Nikadhani umekubali. Nikadhani umeanza kugawa vitu vya nyumba."

"Si ndicho ulichokuwa unataka?"

"Ndicho nilichokuwa nataka." Alijifuta uso kwa mkono wa shati, mtu mzima, ana mvi. "Kisha nikakiona pale nje, mtu yeyote anaweza kukibeba. Nikakitia kwenye gari. Nikakaa ndani ya gari pale mwisho wa kichochoro hadi nilipokuona umeegemea mti, Mama, sikuweza hata kuingia kwa Mama mdogo. Sikutaka akichukue mtu mwingine."

Nilimtazama mwanangu. Miezi yote ile nilimwona adui wa ngazi yangu na msemaji wa kengele, na kumbe alikuwa ana hofu ile ile niliyokuwa nayo mimi. Nilitamani kumshika shavu. Nikakumbuka masharti.

"Kwa hiyo nimeshindwa?" nilimuuliza. "Umeniletea kiti."

"Kwani ni mimi tu niliyekuletea?"

"Mtaa mzima."

"Mtaa mzima," alirudia, polepole. Kisha akatikisa kichwa. "Kule Repentigny wana kengele tu."

Nyonga ilitulia. Nikashika mkongojo, nikainuka mwenyewe, yeye akiwa ameficha mikono mgongoni bila kuambiwa. Nilipopiga hatua ya kwanza nikasikia kiti kikiinuliwa nyuma yangu.

"Sylvain. Tulisema mtu asinishike."

"Simshiki mtu, Mama. Nabeba kiti tu."

Tukaenda hivyo, mimi mbele, yeye nyuma na kiti chake, hadi geti la nyuma la Rolande. Nilikaa mara moja zaidi njiani, na haikuwa kwa sababu ya nyonga. Nilitaka tu kumsikia akikiweka.

Rolande alikuwa kwenye roshani, bomba la hewa puani, mwiko mkononi.

"Mmechelewa!" alipiga kelele. "Viazi vimekuwa uji!"

"Nimekuletea stroberi!" nilimjibu, na sote wawili tukaanza kulia kama wajinga.

Tulikula uji wa viazi. Sylvain alipiga simu kule nyumba ya wazee akasema chumba wampe mwenye kukihitaji. Jioni alinirudisha kwa gari, na sikuona ubaya, maana kwenda ndiko kulikokuwa kumewekewa masharti. Normand alikuwa bado getini, mikono mfukoni. Nilimwambia habari ya tepe zake, akataja sakristia yote na sehemu ya kwaya.

Julai mosi Sylvain alikuja na gari, kama alivyoahidi. Alikuwa na saruji, koleo, na kile kiti. Tulikwenda hadi kichochoro cha mwisho, akachimba chini ya mti wa mepo, akaisimika miguu yote minne. Alipomaliza alikitikisa kwa nguvu zake zote, hakikusogea. Kisha akafungua fundo, akautia utepe mfukoni.

"Huu katika jiji hili ni hatari," alisema.

Kila Jumapili nakikuta pale. Nakaa, napitisha kidole chini kwenye S na Y na L, nashukuru, kisha nainuka naenda kula kwa mdogo wangu.